Uingereza, Marekani, Ujerumani au Australia: mwanafunzi wa kigeni analindwa wapi, na kwa njia gani?

Anayetafuta chuo nje ya nchi yake huanza na orodha za ubora, kisha ada, kisha maneno ya waliomtangulia. Haki zake huzikumbuka siku mambo yanapoharibika: kozi imefutwa katikati ya mwaka, mwajiri hajalipa mshahara, ameshindwa mtihani mara ya mwisho aliyoruhusiwa, au ugonjwa umemlaza na huku barua ya uhamiaji inamtaka ajieleze. Siku hiyo jina kubwa la chuo halina msaada mkubwa. Kinachomsaidia ni kujua sheria ya nchi ile inasema nini, nani analazimika kumjibu, na amebakiwa na siku ngapi.

Nimeziweka nchi hizi nne pamoja kwa sababu kila moja inamlinda mgeni kwa njia yake. Australia ina sheria iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni peke yao. Ujerumani humweka mgeni karibu sawa na mwenyeji, kisha humwachia ajisomee taratibu mwenyewe. Uingereza ina njia ya malalamiko iliyonyooka. Marekani imeacha mengi mikononi mwa chuo, kwa hiyo chuo unachochagua kina uzito kuliko nchi yenyewe. Hakuna kati yao inayomfaa kila mtu, na anayekuambia ipo hajakuuliza hali yako.

Vigezo nilivyotumia

Nimeuliza maswali yale yale kwa kila nchi. Ada yako inalindwaje chuo kikishindwa kutimiza ahadi? Ukiugua, nani analipa? Unaruhusiwa kufanya kazi kiasi gani, na mwajiri akikudhulumu unaweza kusema bila kuhatarisha viza? Chuo kikikuonea, kuna mtu wa nje ya chuo anayeweza kukisikiliza kilio chako? Masomo yakikatika au yakiisha, unapewa muda gani? Mwenzi na watoto wanaruhusiwa kuja? Mwisho, kuna msaada gani wa kila siku, wa fedha na wa moyo?

Viwango vya fedha ni vya mwaka 2025, isipokuwa pale nilipotaja mwaka mwingine. Kanuni za uhamiaji hubadilika haraka, kwa hiyo kabla hujalipa chochote fungua tovuti ya serikali ya nchi husika na uhakikishe.

Ada yako ikikwama

Kwa kigezo hiki Australia iko mbele ya wenzake. Sheria ya ESOS ya mwaka 2000, ile ya wanafunzi wa kigeni, inakitaka chuo kiwekeane nawe mkataba wa maandishi unaotaja kozi, gharama zote na masharti ya kurudishiwa pesa. Kozi ikiwa ya zaidi ya wiki 25, chuo hakiruhusiwi kukudai zaidi ya nusu ya ada kabla hujaanza masomo. Ukilipa zaidi iwe ni kwa hiari yako. Kozi ikifutwa au chuo kikifunga milango, kina siku 14 za kukupatia nafasi kwingine au kukurudishia ada ya masomo ambayo hukuyapata. Kikishindwa, mfuko wa serikali uitwao Tuition Protection Service unaingia kati, unakutafutia kozi nyingine au unakurudishia kiasi kilichobaki. Huhitaji wakili kwa lolote kati ya hayo.

Ujerumani tatizo lenyewe ni dogo, kwa kuwa vyuo vingi vya umma havitozi ada. Unalipa mchango wa muhula, mara nyingi kati ya euro 100 na 400. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo tofauti inayojulikana zaidi: huwatoza wanafunzi wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Vyuo binafsi navyo vina bei zake. Fedha nyingi unazotakiwa kuonyesha kabla ya viza ni zako mwenyewe: euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti iliyofungwa, inayokufungulia euro 992 kila mwezi. Zinauma kuzikusanya, lakini hazipotei chuo kikiyumba.

Uingereza inamhesabu mwanafunzi kuwa mteja, kwa hiyo sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inamhusu. Vyuo vilivyosajiliwa England (moja ya nchi nne zinazounda Uingereza) vinatakiwa pia kuwa na mpango ulioandikwa wa kuwalinda wanafunzi endapo kozi itafungwa. Usome mpango huo kabla ya kulipa, kwa sababu hakuna mfuko wa taifa unaofanana na ule wa Australia, na kilichoandikwa humo ndicho utakachokishika mkononi.

Marekani, marejesho ya ada ni sera ya chuo. Vyuo vingi hupunguza kiasi cha kurudisha kadiri wiki za muhula zinavyosonga, hadi inafika tarehe ambapo hurudishiwi kitu. Tarehe hiyo imo kwenye kalenda ya chuo. Itafute kabla hujasafiri.

Ukiugua

Uingereza unalipa mapema na kwa mkupuo. Tozo ya afya ya uhamiaji ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na inalipwa ya miaka yote wakati wa kuomba viza. Kozi ya miaka 3 itakuwa imekutoa zaidi ya pauni 2,300 kabla ya kupanda ndege. Baada ya hapo unatibiwa na NHS, huduma ya afya ya umma, kama mkazi: daktari wa mtaa, hospitali, kujifungua, matibabu ya akili. Jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza, usingoje homa. England unalipia dawa za kuandikiwa. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini hulipii. Meno yana malipo yake.

Ujerumani bima ni lazima, na mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 anapokelewa na mifuko ya umma kwa bei ya wanafunzi, yapata euro 140 hadi 150 kwa mwezi, kwa huduma zile zile anazopata mwenyeji. Pana mtego ambao ningependa kila msomaji aujue. Ukifika ukavutiwa na bima binafsi ya bei nafuu na ukaomba kuondolewa kwenye bima ya umma, uamuzi huo unakufunga kwa kipindi chote cha masomo. Wengi huijua gharama ya saini hiyo wanapopata ugonjwa ambao bima ya bei nafuu haiulipii. Aliyevuka miaka 30 aulize mapema, maana mlango wa bei ya wanafunzi kwa kawaida umefungwa kwake.

Australia unanunua bima maalumu ya wanafunzi wa kigeni, OSHC, inayofunika muda wote wa viza. Inatosha kwa daktari na hospitali, lakini si kwa meno na miwani. Soma vifungu vya muda wa kusubiri, hasa kama una ugonjwa wa zamani au mnatarajia mtoto.

Marekani hakuna bima ya umma kwa mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Vyuo vingi hulazimisha mpango wao wa bima, na gharama yake hujitokeza kwenye ankara ya ada. Sheria ya mwaka 1986 inaitaka hospitali yenye kitengo cha dharura ikupime na kukutuliza hata kama huna pesa, lakini bili inakufuata nyumbani. Ukilinganisha vyuo viwili vya Marekani, linganisha vijitabu vyao vya bima kwa makini yale yale unayolinganishia ada: unalipa kiasi gani kabla bima haijaanza kulipa, na kikomo cha gharama zako kwa mwaka ni kipi.

Kazi na mshahara

Uingereza anayesoma shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula na muda wote wakati wa likizo. Wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na hakuna kulipiana: ukifanya saa 25 wiki hii na 15 wiki ijayo umevunja sharti la viza, hata kama wastani ni 20. Kujiajiri hairuhusiwi, na hapo wapo wanaonaswa bila kujua, kwa kuwa kazi nyingi za kupeleka vyakula kwa programu za simu huhesabiwa kuwa ni kujiajiri.

Australia ni saa 48 kwa kila siku 14 zinazoanza Jumatatu, na likizoni hakuna kikomo. Wanaofanya shahada ya uzamili ya utafiti au ya uzamivu hawana kikomo wakishaanza masomo. Linalonivutia zaidi ni upande wa mwajiri mdhalimu. Mwanafunzi aliyezidisha saa huogopa kulalamika kuhusu mshahara kwa sababu mwajiri anajua siri yake. Tangu Julai 2024 Australia imeweka kinga dhidi ya kufutiwa viza kwa mfanyakazi wa kigeni anayeripoti dhuluma na kutimiza masharti yaliyowekwa, na mlango wa kuingilia ni Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali ya haki za wafanyakazi. Kinga hiyo inakata mzizi wa tatizo, kwa sababu vitisho vya viza ndivyo vinavyowanyamazisha watu.

Ujerumani tangu Machi 2024 kikomo ni siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Kazi za usaidizi ndani ya chuo hazihesabiwi humo. Kima cha chini cha mshahara ni kimoja kwa mwenyeji na mgeni: euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na 13.90 kuanzia Januari 2026. Mpangilio wa kuhesabu kwa siku unamfaa anayependa kubana kazi zake kwenye likizo ndefu.

Marekani ndiyo yenye masharti makali. Saa 20 kwa wiki ndani ya chuo, na mwaka wa kwanza wa masomo hakuna kazi ya nje. Baadaye kazi ya nje lazima ihusiane na fani yako na iidhinishwe, au uwe na kibali cha dhiki ya kifedha kinachotolewa na uhamiaji. Anayepanga kujilipia ada kwa vibarua Marekani apange upya.

Chuo kikikuonea, unakwenda kwa nani?

Jambo moja ni sawa kila mahali: hakuna ofisi ya nje itakayokupandishia alama kwa kuwa tu huridhiki nazo. Inachoangalia ni kama utaratibu ulifuatwa, kama ulisikilizwa, na kama ulibaguliwa.

Uingereza njia iko wazi. Unamaliza ngazi za malalamiko za ndani, kisha chuo kinakupa barua inayothibitisha kuwa umezimaliza. Barua hiyo ina thamani kubwa, na ukiona chuo kinachelewa kuitoa, idai kwa maandishi. Ukiwa nayo una miezi 12 ya kupeleka kesi yako kwa Office of the Independent Adjudicator, ofisi huru inayohudumia vyuo vya England na Wales bila kumtoza mwanafunzi. Scotland na Ireland Kaskazini zina ofisi zao za malalamiko ya huduma za umma. Mkono mwingine ni umoja wa wanafunzi. Mara nyingi umoja huo una washauri inaowalipa wenyewe, ambao hawaajiriwi na chuo, nao hukaa nawe kuandika rufaa na huingia nawe kwenye kikao. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakulinda dhidi ya ubaguzi wa rangi, dini, jinsia na ulemavu. Na kama mzozo wako ni na mwenye nyumba, kule England amana yako lazima iwekwe kwenye mpango wa ulinzi ndani ya siku 30. Asipofanya hivyo mahakama inaweza kumwamuru akulipe kati ya mara 1 na mara 3 ya amana.

Australia imefanana na Uingereza na kwa namna fulani imeipita. Ofisi ya National Student Ombudsman ilianza kazi tarehe 1 Februari 2025 na inasikiliza wanafunzi wote wa elimu ya juu, wenyeji na wageni, bure. Tena kanuni za kitaifa za mwaka 2018 zinakulinda wakati unapigania haki yako. Tuseme umepokea barua pepe kwamba maendeleo yako hayaridhishi na chuo kinakusudia kukuripoti kwa uhamiaji. Una siku 20 za kazi za kukata rufaa ndani ya chuo, na wakati rufaa inaendelea usajili wako unabaki hai. Usiifunge barua pepe hiyo kwa uchungu. Andika tarehe uliyoipokea na uhesabu.

Ujerumani hakuna ofisi ya taifa ya aina hiyo. Una kitu kingine, ambacho ni uamuzi wa chuo kuhesabiwa kuwa uamuzi wa serikali, hivyo unapingika kwa maandishi na hatimaye kwenye mahakama ya utawala. Muda kwa kawaida ni mwezi 1, na barua nyingi hutaja mwishoni utaratibu wa kupinga. Ugumu ni lugha: kozi yako inaweza kuwa ya Kiingereza, lakini kanuni za mitihani zenye nguvu ya kisheria na barua za mamlaka ni za Kijerumani. Kamati ya wanafunzi, inayoitwa AStA katika majimbo mengi, mara nyingi hutoa ushauri wa kisheria bure. Kanuni za mitihani za fani yako zisome muhula wa kwanza. Idadi ya kurudia mtihani ina kikomo, na ukishindwa kwa mara ya mwisho unaweza kuzuiwa kuendelea na fani ile ile hata ukihamia chuo kingine nchini humo.

Marekani haki zipo, na baadhi ni za zamani na nzito: sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa rangi na asili ya taifa katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, na Title IX ya mwaka 1972 inakataza ubaguzi wa kijinsia, unyanyasaji wa kingono ukiwemo. Zinamlinda mgeni sawa na raia. Malalamiko hupelekwa kwa ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu, kwa kawaida ndani ya siku 180, ingawa ofisi hiyo ilipunguziwa wafanyakazi wengi mwaka 2025. Kwa mizozo mingine ya kawaida na chuo, hakuna chombo kimoja cha taifa cha kukimbilia. Vyuo vingine vina ofisi nzuri ya usuluhishi, vingine hamna. Ngome ya mwisho ni mahakama. Mwaka 2025, rekodi za maelfu ya wanafunzi zilifutwa ghafla kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa taarifa za wanafunzi wa kigeni, na zilirudishwa baada ya kesi nyingi kufunguliwa katika majimbo mbalimbali. Tukio hilo linaonyesha pande zote mbili za Marekani: hadhi yako inaweza kutikiswa bila onyo, na pia jaji anaweza kuisimamisha serikali.

Masomo yakikatika, na yakiisha

Ujerumani sheria ya ukaazi ina kifungu ambacho wageni wengi hawakijui. Masomo yakikatika kwa sababu isiyo ya kosa lako, kabla ya kukunyang'anya kibali mamlaka inapaswa kukupa hadi miezi 9 ya kutafuta nafasi katika chuo kingine. Ukihitimu unapata hadi miezi 18 ya kutafuta kazi, na katika muda huo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote.

Uingereza, chuo kikiacha kukudhamini, kwa kawaida viza hukatwa na kubakizwa siku 60. Ukihitimu unaweza kuomba viza ya wahitimu ya miaka 2, au 3 kwa uzamivu. Watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapata miezi 18 badala ya 24, uzamivu ukibaki miaka 3. Anayeanza kozi sasa apige hesabu zake kwa miezi 18.

Marekani baada ya kuhitimu una siku 60 za kuondoka au kubadili hadhi. Ukijitoa kwa idhini ya afisa wa chuo ni siku 15. Ukivunja masharti hupewi hata moja. Hapa nikae kidogo, kwa sababu watu hupoteza hadhi kwa jambo dogo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa kubeba angalau krediti 12 kwa muhula. Somo moja limemlemea, analiondoa kwenye mfumo usiku, anabaki na 9. Asubuhi tayari ameshavunja sharti. Angemwendea kwanza afisa wa wanafunzi wa kigeni, akiwa na barua ya daktari, angeruhusiwa kupunguza mzigo kihalali. Ruhusa ya ugonjwa inaweza kufika jumla ya miezi 12 katika ngazi moja ya masomo. Ruhusa lazima itangulie, haiji baada ya tendo. Kuhusu kazi baada ya masomo, OPT, kibali cha kufanya kazi katika fani yako, inakupa miezi 12, na fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huongezewa 24. Siku za kukaa bila kazi katika miezi 12 ya mwanzo hazitakiwi kuzidi 90.

Australia viza ya wahitimu ni miaka 2 kwa shahada ya kwanza au uzamili wa darasani, na 3 kwa uzamili wa utafiti au uzamivu. Tangu Julai 2024 kikomo cha umri kwa wengi ni miaka 35, na kwa utafiti ni 50. Kumbuka pia kuwa ndani ya miezi 6 ya mwanzo ya kozi yako kuu huwezi kuhamia chuo kingine bila idhini ya kile cha kwanza, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Mwenzi na watoto

Australia inaruhusu mwenzi na watoto, na mwenzi wa anayesoma uzamili au uzamivu anafanya kazi bila kikomo cha saa. Ujerumani mwenzi anaweza kuomba kuungana nawe ukionyesha kipato na nyumba ya kutosha. Akishapata kibali cha familia anaruhusiwa kuajiriwa. Uingereza tangu Januari 2024 imewafungia mlango wengi: ni wanaofanya utafiti wa ngazi ya juu na wenye ufadhili wa serikali tu wanaoweza kuja na familia. Marekani familia inakuja kwa viza ya F-2, lakini mwenye viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi hata saa moja.

Msaada wa kila siku

Kwa chakula na malazi Ujerumani ina Studierendenwerke, taasisi zinazoendesha mabweni ya bei nafuu, kantini na ushauri wa kisaikolojia. Mabweni yana foleni ndefu, kwa hiyo omba siku ile ile unayopata barua ya kukubaliwa. Australia inakilazimisha chuo kutoa huduma za msaada bila malipo ya ziada na kuteua mtu anayejulikana wa kuwasaidia wageni. Uingereza kuna ushauri nasaha vyuoni na taasisi ya UKCISA inayotoa maelezo ya kuaminika kuhusu haki za wageni. Marekani ndiko penye msaada mkubwa wa ada kutoka mifuko ya vyuo vyenyewe: Harvard, Yale, Princeton na MIT, miongoni mwa vingine, hupokea wageni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, kisha hugharimia mahitaji yao yote yaliyothibitishwa. Kuingia ndiko kugumu.

Ufadhili wa serikali upo kote: DAAD (Ujerumani), Chevening (Uingereza), Fulbright (Marekani), Australia Awards. Soma sharti la kurudi nyumbani kabla ya kushangilia. Chevening, kwa mfano, inakutaka urudi kwenu kwa angalau miaka 2.

Kila nchi inamfaa nani

Australia inamfaa anayelipa ada kubwa kutoka mfukoni mwa familia na anayetaka ulinzi ulioandikwa, au anayekuja na mwenzi. Hasara yake ni gharama ya mwanzo: maombi ya viza peke yake ni dola 2,000 za Australia, na unatakiwa kuonyesha dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka.

Ujerumani inamfaa mwenye ada kidogo na subira nyingi, aliye tayari kujifunza Kijerumani hata kama darasani hakitumiki.

Uingereza inamfaa anayetaka shahada ya uzamili ya mwaka 1, matibabu yasiyo na bili za kushtukiza, na mahali pa kulalamika panapoeleweka. Haimfai anayetaka kuja na familia kwa kozi ya darasani.

Marekani inamfaa aliyepata ufadhili kamili, au aliye kwenye fani za sayansi na uhandisi anayeutaka ule muda wa miezi 36 ya kazi. Anatakiwa awe mtu wa kuuliza kwanza na kutenda baadaye.

Kulingana na hali yako

Kama una ugonjwa wa kudumu, anza na Uingereza na Ujerumani, na ujue umri wako kabla ya kuichagua Ujerumani. Kama ni Marekani, omba kijitabu cha bima na utafute jina la dawa yako humo.

Kama itakubidi ufanye kazi ili ule, Australia na Ujerumani zina nafasi zaidi. Weka nakala za hati za mshahara na daftari la saa zako, hata kama mwajiri ni mtu mwema.

Kama chuo ni kipya, ni cha binafsi na hujui uimara wake, Australia ndiyo yenye wavu wa kukudaka. Kwingine, lipa kwa awamu kadiri unavyoruhusiwa.

Kama una miaka 36 na unataka kufanya kazi baada ya uzamili wa darasani, Australia imekufungia, lakini Uingereza na Ujerumani hazijakuwekea kikomo hicho cha umri kwenye muda wa baada ya masomo.

Kama una mwenzi ambaye lazima naye apate kipato, Marekani itawabana, na Uingereza ni kwa utafiti au ufadhili wa serikali tu.

Na kama barua ya kukubaliwa tayari unayo na tarehe ya kulipa inakaribia, andikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo hicho barua pepe yenye maswali matatu. Nikijitoa wiki ya 4 nitarudishiwa kiasi gani? Nikiugua muhula mzima, hadhi yangu ya viza itakuwaje? Malalamiko yangu yakikataliwa ndani ya chuo, ofisi gani ya nje inayasikiliza? Subiri majibu kwa maandishi, yahifadhi, kisha ndipo ulipe.